Malalamiko Kuhusu Kupona kwa Mpwa Wangu

Mwembesongo,
Morogoro.
Mwishoni mwa Juni.

Kwa Daktari Theresia,
Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu.

YAH: KUPONYWA KWA MWANVITA BILA RIDHAA YA MJOMBA WAKE

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Luqmani, mshona mito na magodoro ya sufi, yule mzee mwenye kofia aliyekuwa akikuuliza kila mara kama una hakika. Ningekuja mwenyewe, lakini nikikuona unatabasamu huwa nasahau nilichokuja kulalamikia. Nimeona niandike.

Mwanvita ni mtoto wa dada yangu. Amekaa kwangu tangu aanze sekondari, kwa sababu kule kwao milimani shule ilikuwa mbali na kifua chake kilikuwa hakiwezi kupanda mlima. Kila masika yakiisha na majani yakianza kutoa maua, alikuwa anaamka na chafya, macho mekundu, pua inatiririka, na ikifika jioni kifua kinalia filimbi. Wewe ukasema ni mzio wa vumbi la maua. Sasa amepangiwa kidato cha tano shule ya bweni huko Njombe, na mimi sitaki aende. Nalisema hilo mapema ili tusipotezeane muda.

Shida ni kwamba nilikwisha kutamka mbele ya ukoo mzima kuwa kifua kikipona, ataenda. Nilitamka kwa moyo mweupe kabisa, nikiwa na uhakika kwamba hakitapona. Ndipo ukatokea wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuniuliza. Najua umehamia juzi juzi, lakini sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Wewe ulipotaka ridhaa ya mzazi ukampigia simu baba yake. Shemeji yangu Hamza ni mtu mwema na ndizi zake ni nzuri, ila kumwomba yeye ruhusa juu ya kifua cha Mwanvita ni sawa na kumwomba jirani ruhusa ya kuvuna shamba langu. Tena alikubali hapo hapo. Mjomba hakubali jambo hapo hapo.

2. Ulimpa pampu ya kifua. Sisi dawa ya kifua tunaijua, inapakwa kifuani. Kwa hiyo jirani yetu Bi Mwanaheri, ambaye ndiye humsugua mafuta, alimpulizia kifuani na mgongoni mpaka khanga ikalowa, mimi nimesimama nje ya mlango natoa maelekezo. Mwanvita alijaribu kutukataza, tukadhani ni ukaidi wa umri. Uliposema inavutwa kwa mdomo, tena kupitia chupa ya maji iliyotobolewa kitako, nilijua unatutania. Kwa bahati mbaya ilifanya kazi.

3. Umemfundisha kutumia dawa akiwa mzima. Asubuhi anapuliza puani, anavuta pampu, jioni anavuta tena, na haumwi chochote! Mimi mgonjwa ninayemjua ni yule anayetumia dawa akizidiwa na kuiacha akipata nafuu. Ndivyo nilivyotumia vidonge vyangu vya presha, na vilinifaa sana mpaka siku niliyoanguka msikitini.

4. Uliamuru mto wa sufi utolewe chumbani kwake. Mto ule nilimshonea kwa mkono wangu. Siku hizi mpwa wa mshona mito analalia sponji, na mtaa mzima unajua. Wateja wanapita wanautazama mto umeanikwa uani, kisha wananitazama mimi.

5. Umepiga marufuku nyungu, udi, na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Jiko sawa. Lakini nyungu, Daktari? Bi Mwanaheri alikuwa anakuja na majani ya mkaratusi na mchaichai, tunachemsha, tunamfunika Mwanvita blanketi, majirani wanakuja kumpa pole, chai inapikwa, mazungumzo yananoga. Yule mtoto akiugua sisi tulikuwa tunakutana. Sasa anavuta pampu, anasukutua mdomo, anaondoka zake. Nani atakuja na mkeka kumtazama mtu akisukutua?

6. Umemzidishia uzima. Wiki iliyopita alipanda kwa miguu mpaka kwa mama yake, bila kupumzika njiani. Dada yangu akanipigia simu analia kwa furaha, wala hakuniuliza hali yangu. Wazee wa ukoo nao wamekumbuka ghafla neno langu, wao ambao huwa hawakumbuki hata walipoweka majembe yao. Na juzi Mwanvita alicheka uani, akacheka mpaka mwisho bila kikohozi kumkatiza. Miaka yote hii sikujua kicheko chake kinaishaje.

7. Nyumba yangu imekuwa kimya. Mke wangu Mwanahawa ametangulia mbele ya haki, na watoto hatukujaaliwa. Chafya za Mwanvita ndizo zilizokuwa zikiniamsha kabla ya adhana. Nilikuwa nalala hapo nanung'unika kwamba mtoto huyu hana adabu, na moyoni nashukuru kwamba kuna mtu ndani. Nitamkosa, Daktari. Hilo si lalamiko, lakini sikuwa na pengine pa kuliweka.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima umrudishie mafua yake. Siombi yote. Kifua kiache kama kilivyo, mimi si mkatili. Nataka pua tu, chafya za asubuhi na macho mekundu kiasi cha kuwaonyesha wazee. Kama hilo ni gumu, andika cheti kwamba misonobari ya Njombe ni hatari kwa mtu yeyote ambaye mjomba wake yuko Morogoro. Na kama hata hilo kanuni zenu zinalikataa, basi iombe serikali ihamishie shule hiyo Mwembesongo. Nyuma ya soko nafasi ipo, na mito ya wanafunzi wote nitashona mimi.

Nisalimie nesi Upendo, anayetuita kwa sauti inayofika Kilakala. Nisalimie mlinzi Gabrieli, wagonjwa wote wa kwenye benchi, na wazazi wako waliokusomesha, ingawa wangekusomesha kidogo kidogo ingenisaidia.

Ni mimi, mwenye malalamiko na heshima kwa pamoja,

Luqmani,
mjomba wa Mwanvita.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mwenye kiwanja cha jirani akachoma majani aliyoyafyeka. Moshi wote ukaingia kwetu. Mwanvita alikuja ameshika ukuta, filimbi ile imerudi, na jina langu likamshinda kulitamka. Alitoa pampu mfukoni, akavuta, akakaa wima kama ulivyomfundisha, nami nikakaa pale nahema naye mpaka akaweza kuniambia mjomba usilie. Daktari, niliomba pua tu. Sasa hata pua siitaki. Tunakuja naye huko sasa hivi umwangalie, na barua hii ukiisoma, anzia hapa. Safari ya Njombe ni Jumamosi. Nimempigia simu dada yangu, na hata Hamza nimempigia, kwamba neno langu ni lile lile. Mpe pampu mbili, moja ya mfukoni na moja ya begi. Na mimi nielekeze vizuri namna ya kumweleza matroni wa bweni kwa simu, asije akampulizia juu ya nguo, kwa sababu huko mimi sitakuwepo.