Naomba Refa Ageuke Jumamosi Hii

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,

Yahusu: Mwenendo wa refa wa mieleka, Jumamosi saa kumi alasiri

Mheshimiwa,

Kabla sijalalamika nina jambo la kukiri. Sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja. Suruali ya mwenye shule ya udereva niliipima mimi. Si Mzee Mkasi. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, na nilipima vibaya huku nikijua kwamba napima vibaya.

Utajiuliza suruali inaihusu vipi televisheni. Inaihusu sana, nami nitaeleza kwa utaratibu, maana nimemaliza shule miezi minne iliyopita na uandishi wa barua ndilo somo pekee lililowahi kunipatia makofi darasani.

Nafanya kazi katika duka la ushonaji la Mama Mkubwa, yaani dada yake mama. Tuko watatu. Mama Mkubwa anashona, Mzee Mkasi anakata, mimi naweka vifungo, napiga pasi na kuokota pini sakafuni. Juu ya kabati la vitambaa kuna televisheni ndogo, na kila Jumamosi saa kumi cherehani hunyamaza kwa ajili ya kipindi chenu. Mteja akiingia wakati huo hupewa kiti atazame na yeye. Asiyetaka kutazama huambiwa arudi saa kumi na moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Refa haoni. Tangu nianze kukitazama kipindi hiki, sijawahi kumwona akiona. Mwalimu wa Zamu, yule mwanamieleka mkorofi anayeingia na filimbi shingoni na daftari la majina ya wapiga kelele, humvuta nywele mpinzani wake Ngurumo, humtia vidole machoni, kisha humpiga mgongoni kwa kiti cha chuma. Kila mara refa anakuwa ameinama kufunga kamba za viatu, au anabishana na mtu wa nje ya ulingo, au anakagua dari. Ukumbi mzima umeona. Mzee Mkasi mwenye miaka sabini na moja ameona, kutoka upande wa pili wa chumba, bila miwani. Naomba refa apelekwe kwa daktari wa macho na cheti chake kionyeshwe hewani. Pia naomba mtu amnunulie viatu visivyo na kamba.

2. Wale wanamieleka pacha. Pacha wa Kulia akichoka, Pacha wa Kushoto hutoka chini ya ulingo akachukua nafasi yake, na refa huendelea kuhesabu kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nikiwa dukani naona kuwa pindo la suruali ya mmoja limeshonwa kwa mkono na la mwenzake kwa mashine. Refa yuko hatua moja kutoka kwenye hayo mapindo.

3. Fulana ya Ngurumo. Kila wiki akikasirika hupasuka katikati ya kifua, palepale, kwa mstari ulionyooka. Mheshimiwa, mshono wa kweli haupasuki hivyo. Ule umeshikizwa tu, kwa uzi mmoja na mishono mirefu, kama tunavyoshikiza koti ili mteja alijaribu. Hilo nililitambua tangu wiki ya pili, na nikatambua pia maana yake kuhusu mambo mengine yote ya humo ulingoni. Sikusema, kwa sababu Mama Mkubwa huumia kwelikweli. Husema yule kijana ana fundi mzembe, na kwamba angeletewa yeye ile fulana angeipiga mshono mara mbili na isingetatuka hata kwa farasi. Naomba Ngurumo ashonewe fulana ya haki, tuone kama hasira yake inatosha.

4. Kipaza sauti. Hili linaniuma kuliko yote yaliyotangulia. Kwenu mtu akiwa na kinyongo hupewa kipaza sauti. Taa huzimwa, muziki wake mwenyewe hupigwa, anatembea taratibu, anaanza kusema, na hakuna anayemkatiza. Akinyamaza katikati, watu elfu nne wanamngoja. Nimekulia katika nyumba ya watu tisa na sijawahi kungojwa. Nikitaka chumvi mezani husubiri mpaka mtu mwingine aitake, kisha naidaka inapopita. Mnatuonyesha kila wiki kwamba mwenye neno atapewa nafasi ya kulisema. Halafu mtu anamaliza shule, anaingia duniani, na hakuna hata wa kumpunguzia redio.

5. Sasa tunafika kwenye suruali.

Kazi ya kupima kiuno ina siri yake. Wanaume wengi wakiiona tepu hubana tumbo. Hawafanyi kwa ubaya, tumbo lenyewe hujificha likiona linaandikwa. Mzee Mkasi alinifundisha dawa yake siku yangu ya kwanza kazini: muulize mteja swali lenye jibu refu. Hakuna binadamu awezaye kubana tumbo na kusimulia kwa wakati mmoja. Unamuuliza alianzaje kazi yake, au yule mtoto wa mwisho anaendeleaje. Anaanza kueleza, tumbo linarudi kwao, ndipo unasoma tepu.

Jumamosi nne zilizopita, mwenye shule ya udereva aliingia saa kumi na robo kupimwa suti ya mahafali ya madereva wake. Wateja wakubwa hupimwa na Mzee Mkasi peke yake, hiyo ndiyo desturi ya duka tangu sijazaliwa. Lakini dakika ile Mwalimu wa Zamu alikuwa ameshakishika kiti. Mzee Mkasi alinirushia tepu bila kuhamisha macho, akanong'ona kwamba nianze tu, yeye anakuja. Hakuja. Nikaizungusha tepu. Yule bwana akabana tumbo mpaka mashavu yakavimba. Nilikuwa na swali tayari mdomoni, swali zuri kabisa, kuhusu mwanafunzi anayekanyaga mafuta akidhani ni breki. Halikutoka. Nikasoma inchi thelathini na nane, nikaandika thelathini na nane, na aliposhusha pumzi niliona kwa macho yangu kile kiuno kikienda zake arobaini na mbili.

Mzee Mkasi alikata kama daftari lilivyosema, kwa sababu mkataji hukata kama daftari linavyosema. Siku ya mahafali yule bwana alihutubia vizuri, akapigiwa makofi, akaketi. Kifungo kikaruka hadi safu ya pili ya wageni. Suruali ilirudi kwetu Jumatatu ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na mwenyewe yuko nyuma yake. Mama Mkubwa akaitandaza mezani, akamuuliza Mzee Mkasi mbele ya mteja hiki ni kitu gani.

Mimi nilikuwa napiga pasi kola. Sijawahi kuipiga kola pasi kwa bidii namna ile. Mzee Mkasi alinitupia jicho, mara moja tu, kisha akajifikicha macho.

"Labda ni haya macho, mama," akasema. "Umri nao."

Mama Mkubwa akasema kama ni macho, basi mwisho wa mwezi aupumzishe mkasi. Yeye akaitikia kwa kichwa, akarudi kunoa. Ameukatia mji huu nguo kwa miaka arobaini, na hana mtoto wala kazi nyingine. Mimi nikageuza kola upande wa pili.

6. Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimefikiri kwa wiki mbili na nimeona lawama ni zenu. Fuatana nami. Refa angekiona kile kiti, pambano lingesimamishwa. Pambano lingesimamishwa, Mzee Mkasi angekuja kupima mwenyewe. Angekuja kupima, angeuliza swali. Zaidi ya hapo, ni refa wenu aliyenifundisha kwamba mtu mzima aliyeona jambo huinama kushughulikia viatu vyake. Mimi sikuwa na kamba za viatu, nilitumia kola. Kwa hesabu hii, ile suruali mmeipima ninyi, na nashangaa kuona bado mnarusha matangazo kama kawaida.

Sasa maombi. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo naomba yafuatayo bila kukosa:

(a) Mwalimu wa Zamu akiinua kiti, refa ageuke. Mara moja tu. Baada ya hapo anaweza kuendelea na maisha yake.

(b) Mwalimu wa Zamu apewe kipaza sauti, akiri kosa lake na aseme wazi kwamba anayelaumiwa siye mkosaji. Isizidi dakika mbili. Iwe saa kumi na dakika ishirini kamili, kwa sababu wakati huo Mama Mkubwa huwa na kikombe cha chai mdomoni na hawezi kumkatiza mtu. Watakuwa wameshazoea kusikia watu wakikiri. Hapo ndipo nami nitasimama.

(c) Ikiwa (b) itashindikana, naomba mlete kipaza sauti dukani. Soketi ipo karibu na pasi. Muziki si lazima, ila ukipatikana uwe wa polepole, kwa sababu kutoka kwenye pasi mpaka kwenye meza ya kukatia ni hatua nne tu na sitaki uniache nyuma.

(d) Ikiwa hata (c) haiwezekani, basi Ngurumo aje mwenyewe amweleze Mama Mkubwa. Fulana yake tutaishona akingoja.

Nisalimie mtangazaji wa mieleka, na umwambie apumzishe koo lake. Nisalimie mpiga kengele, mama anayetangaza hali ya hewa, yule anayefuta jasho ulingoni ambaye hatajwi hata siku moja, na mke wa refa kama anaye, maana najua nyumbani kwao kuna mambo mengi hayaonwi.

Ni mimi mtazamaji wenu mnyenyekevu,

Msichana wa Vifungo

Nyongeza: Tafadhali msifanye lolote kati ya hayo.

Barua hii ililala siku mbili kwenye droo ya vifungo nikitafuta bahasha. Leo Alhamisi, saa tano asubuhi, Mzee Mkasi alianza kufunga mikasi yake kwenye kitambaa, mmoja baada ya mwingine, akianzia na mdogo. Cherehani ya Mama Mkubwa ilikuwa inanguruma, jirani amefungulia redio, hakuna taa iliyozimwa kwa ajili ya mtu. Alipofika kwenye ule mkubwa, nikasema.

"Ile suruali niliipima mimi. Alibana tumbo na sikumuuliza swali."

Ilinibidi niseme mara mbili kwa sababu ya cherehani. Mara ya pili nilipiga kelele, nikadhani amesema mtu mwingine.

Mzee Mkasi akakaa chini. Akataka kujua ni swali gani ningemuuliza. Nikamwambia la breki. Akalipima kichwani, akasema lingetosha hata kiuno cha arobaini na tano, akaanza kufungua kitambaa. Mama Mkubwa hakuinua uso. Alisema mzee anabaki, suti nyingine itashonwa na mwenye suruali ataitwa, na kuanzia Jumatatu wateja wakubwa nitawapima mimi, kila mmoja na swali lake, yeye akisikiliza.

Kisha Mzee Mkasi akatoka kwenda kumwaga vipande vya vitambaa. Mama Mkubwa akasimamisha cherehani.

"Nilikuona kwenye kioo siku ile ile ukimpima, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Yule mzee nikimwacha aende, mimi nitabaki na nani?"

Kwa hiyo naondoa lalamiko la kwanza, na la pili, na mengine yote yaliyosimama juu yake. Refa anaona. Sasa nadhani anaona kila kitu, hata yale mapindo. Mwacheni ainame kadiri anavyotaka. Akigeuka mapema pambano litaisha saa kumi na dakika tano, na Mzee Mkasi atakosa mtu wa kumfokea wiki nzima.

Jambo moja tu limebaki. Hili la kioo Mzee Mkasi halijui. Tangu aambiwe kuhusu macho amekuwa akifika kazini wa kwanza na kutusomea kwa sauti kila bango la gari linalopita barabarani, ili tusikie. Akigundua kwamba Mama Mkubwa alijua tangu mwanzo, atanuna mpaka mwaka ujao, na akinuna hukata mikono ya kushoto mitupu. Mama Mkubwa ameniapisha. Nimekuandikia wewe kwa sababu uko mbali na hunijui. Basi usiisome hewani, Mheshimiwa, wala usimsimulie mtu hapo ofisini. Iwe siri yetu sisi watatu, wewe, mimi na Mama Mkubwa.