Wimbi Liko Njiani

Tangu maji yaumbwe, hakujawahi kuelea chombo chenye akili kama boti ya Nestor! Hayo ni maneno ya Nestor mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Arua, aliyeingia kutoka Kongo na begi moja la nguo na magunia mawili ya sifa.

Chini ya boti hiyo alikuwa amefunga mapezi mawili ya bati. Wimbi likiiinua, mapezi yanapiga maji; likiishusha, yanapiga tena, na boti inasonga bila tone la petroli. Aliyaona kwenye video ya simu, yakiendesha boti huko baharini. Kwa miezi minane hakumchomelea mteja hata mlango mmoja.

Ndipo baba mkwe wake, Mzee Yakani, akafunga safari kutoka Koboko na mkewe, Mama Celestina, kuja kumrudisha nyumbani binti yao, Candiru. Nestor alimpenda Candiru kuliko hata boti, ila hakuwahi kumwambia.

"Baba, nipe siku moja tu! Kesho twende Nile, utaona na macho yako."

Kesho yake wakapanda boti wote wanne pale Rhino Camp, ukingoni mwa Nile. Nestor akaisukuma mpaka kwenye kina, akasimama mbele kifua wazi, akaamuru mto ufanye kazi yake. Mto ulikuwa umetulia kama uji uliopoa.

"Wimbi iko wapi?" akauliza Mzee Yakani.

"Iko njiani, Baba."

Wakangoja. Mkondo ukaanza kuwachukua taratibu. Mama Celestina, ambaye kwa heshima ya ukwe hakumsemesha mkwe wake moja kwa moja, alimgeukia binti yake.

"Candiru, uliza bwana yako: hii wimbi inatoka Kongo na miguu? Sisi tunafika Sudan sasa!"

Nestor akaona mke anaondoka hivi hivi, mbele ya macho yake!

"Baba, wimbi tutatengeneza sisi! Rukeni! Kidogo tu!"

Wazee wakaruka. Weee! Mapezi yakapiga maji, boti ikasonga! Kweli kabisa, ikasonga!

"Mmeona? Bila petroli! Ruka, Baba! Mama naye aongeze!"

Waliruka mpaka kofia ya mzee ikaangukia mtoni, mpaka Mama Celestina akaishiwa pumzi na kukaa chini kwa kishindo. Boti ikasimama palepale, kisha mkondo ukaidaka tena.

Candiru aling'oa ubao wa kukalia, akapiga magoti, akaanza kuupiga majini kama kasia. Akawafikisha wote ufukweni bila hata kuhema.

Mzee Yakani alishuka akajinyoosha kiuno, akampa Nestor mkono.

"Mkwe wangu, leo naamini. Injini yako iko nguvu sana."

"Asante, Baba!" Nestor akachekelea mpaka jino la mwisho. "Mimi nilisema!"

"Ulisema." Mzee akamshika Candiru mkono. "Sasa mimi narudi nayo Koboko."