Mikia ya Punje Nene

Jumatatu, 4 Agosti

Kraaa. Sauti ya selotepu ikivutwa juu ya katoni. Niliisikia Jumamosi dukani kwa Raudha na mpaka leo haijanitoka masikioni. Alikuwa anafunga mzigo, mgongo umeinama, akaniuliza bila kuinua macho kama jina langu la Punje Nene nimeshalisajili mtandaoni au bado. Kisha kraaa, akaikata kwa meno.

Mtu haulizi swali kama hilo bure.

Hapa Dongobesh tuko wawili tu tunaosaga vitunguu saumu na kuuza unga wake kwenye chupa. Mimi na yeye. Mama Restituta, mwenye maduka ya viungo Arusha, anataka kumpa mmoja wetu mkataba wa mwaka mzima. Ameandika kwamba Ijumaa ya tarehe 15 atatutafuta mtandaoni, aone nani yuko makini, kisha aamue. Nina shahada ya biashara. Nimeandika barua za kazi miaka mitatu na sikujibiwa hata moja. Punje Nene ni kitu cha kwanza ambacho ni changu. Jina nililitunga mwenyewe, nikimenya vitunguu jikoni kwa Mama, vidole vinawaka. Raudha hatalichukua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Baltazar, mwenye steshenari karibu na stendi, anayetusajilia mambo yote ya mtandao hapa. Nimemwambia nataka punjenene.co.tz, na .com, na .net, ili jina lisibaki na mkia ambao mwizi anaweza kuushika. Amesema mkia mmoja unatosha, hasa kwa mtu ambaye hata tovuti yenyewe hana. Nimemuuliza kama nyumba yake ina milango mitatu na anafunga mmoja tu. Amesema nyumba yake ina mlango mmoja. Huyu ndiye mtaalamu wetu.

Ila amesema jambo moja la maana bila kujua. Mikia yote ikiwa chini ya jina moja na neno la siri moja, anayelipata neno hilo amepata kila kitu. Raudha ana kaka Arusha anayefanya kazi za kompyuta. Nimetoka pale nimefadhaika.

Jibu nimelipata kwa Baba, naye hakujua kama amenipa. Alikuwa anasimulia ng'ombe wa babu. Babu hakuweka ng'ombe wote kwenye boma moja. Wengine walikaa Maretadu, wengine Dirma, kwa ndugu na marafiki. Ugonjwa ukiingia huku, wa kule wanapona. Na watu wasiojua walidhani babu ni maskini, hawakumsumbua. Nimeacha ugali mezani nikaja kuandika.

Jumatano, 6 Agosti

Maretadu. Mjomba Bonaventura alikuwa anapukuchua mahindi. Shikamoo, marahaba, habari za mama, habari za mavuno, habari za mama tena. Nikamwambia nimemletea .net akae kwake. Akauliza anakula nini. Nikasema hali chochote, analipiwa mara moja kwa mwaka na nitamlipia mimi. Akauliza analala wapi. Nikasema kwenye kompyuta, huko Marekani. Mjomba akafikiri, akasema katika maisha yake hajawahi kuletewa mfugo usio na taabu kama huu.

Jirani ameitwa kuwa shahidi, kama inavyofanyika kwa ng'ombe. Fomu ina jina la mjomba, na barua pepe ya mwalimu wa kwaya ya kigango, kwa kuwa mjomba hana yake. Baltazar amenionya kwa simu kwamba mwenye jina kwenye fomu ndiye mwenye mali. Nimemjibu kwamba hiyo ni sheria ya kompyuta, sisi tuna ya kwetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Dirma. Vumbi mpaka kwenye meno. Shangazi Bernadina si mwepesi kama mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai, akaweka kikombe chini. "Sasa huyo .com wako, mwanangu, ana maziwa?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema anayo, shangazi, tena mengi, .com ndiye mwenye maziwa kuliko wote. Jirani aliyeitwa kushuhudia akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Binti yake shangazi, Sara, anayesomea ualimu na yuko likizo, akaacha simu yake na kuinua macho. Neno la siri nimemkabidhi yeye, maana shangazi haoni herufi ndogo. Sara alinishukuru mara mbili. Mtu mwenye ndugu hakosi ulinzi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu ya wakulima, nami nimepumzika kama mkulima aliyemaliza kazi. Mifugo yote iko mahali pake. Ile ya .co.tz nimebaki nayo mwenyewe, imeandikwa "Tovuti inajengwa". Mama ameuliza itajengwa lini, na kama nina mpango wowote na vitunguu vinavyochipua guniani. Nimemweleza kwamba mtu mwenye akili anaanza na ua, nyumba inafuata. Mama amesema wao na Baba walianza na nyumba.

Nimepita mbele ya duka la Raudha bila kumsalimia. Akanisalimia yeye. Ujanja mtupu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua punjenene.com. Mbuzi.

Mbuzi kumi na mmoja, kila mmoja amepigwa picha kwa upande wake mzuri. Juu yao, kwa herufi za kijani: PUNJE NENE, MBUZI NA KUKU WA KIENYEJI, DIRMA. Chini, namba ya shangazi.

Nimempigia. Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza tangu lini mtu analeta ng'ombe mwenye maziwa ili watu wamtazame. "Ng'ombe ni wako, ndama ni wako, maziwa ni yangu. Kamuulize baba yako kama nimekosea." Kisha akanikumbusha kwamba shahidi yupo, na maneno yangu anayo yote, hasa lile la mengi.

Nimefungua .net. Inaimba. Mjomba ameikabidhi kwaya. Ukurasa ukifunguka tu, kwaya inaanza, sauti ya tatu ikiwa chini kidogo, na hakuna mahali pa kuizima.

Nimesoma miaka kumi na sita ili nishindwe na mbuzi.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao nyumbani. Nilidhani Baba atanitetea. Amekaa kama hakimu, akaeleza utaratibu kwa raha ya mtu ambaye hajaulizwa jambo la maana kwa muda mrefu. Ng'ombe anaweza kurudishwa, amesema, ila si wakati anakamuliwa. Na aliyemtunza haondoki mikono mitupu, anapewa ndama.

Nimesema, kwa heshima zote, kwamba ametunzwa siku sita. Shangazi akasema siku sita hizo ameuza mbuzi wanne, nimtajie boma lingine lililouza hivyo.

Mjomba hakutaka ndama, kwaya imetosheka na ilichopata. Shangazi anataka. Na Sara ameshamchagulia: .co.tz, kwa kuwa ameingia na kukuta hamna kitu ndani, iko wazi kama shamba lisilolimwa. Nimesema hiyo si ndama, hiyo ni mimi. Hakuna aliyeelewa. Baba atatoa uamuzi Jumapili baada ya misa, lakini nimemwona jinsi alivyomtazama dada yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Restituta amepiga saa nne asubuhi. Mpole sana, jambo ambalo limenichoma zaidi. Alitafuta .com, akaona mbuzi. Akajaribu .net, ofisi nzima ikasikia kwaya. Hakuendelea.

Nimemuuliza, na Raudha je, yeye alimwona wapi, maana hana mkia hata mmoja. Amesema hakumwona popote. Raudha alituma chupa mbili kwa basi, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu juu ya kifuniko. Ameonja, unga ni mzuri. Mkataba ni wa Raudha.

Kwa kalamu. Juu ya kifuniko.

Kabla ya kukata akauliza kama yule mama wa Dirma ni ndugu yangu. Ana harusi mwezi ujao, anataka mbuzi sita, nimsaidie kumwambia shangazi achague wanono.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetafuta kosa liko wapi na nimelipata. Si mikia, mikia ilikuwa sawa. Si babu, babu alikuwa na akili. Kosa ni ndugu. Ndugu wanaujua utaratibu wa ng'ombe, ndiyo maana wanakamua. Mali ilitakiwa iwekwe kwa mtu asiyeujua.

Na muda hakuna. Kesho ni Jumapili. Sara ameshampigia Baltazar kuuliza jinsi ya kuhamisha .co.tz, kitu pekee kilichobaki kwa jina langu. Ilibidi kitoke mikononi mwangu kabla ya misa, kiende nje kabisa ya ukoo.

Babu yake Raudha alikuja kutoka Kondoa na cherehani. Kwao ni watu wa duka. Hawajawahi kuweka ng'ombe kwa mtu wala kuwekewa. Tena mkataba ameshaupata, jina langu atalitakia nini sasa?

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Nimemweleza yote. Hakuuliza anakula nini. Hakuuliza habari ya maziwa. Aliniuliza tu, "Gaude, una uhakika?" halafu akaniuliza tena, na akanipa kiti. Tukaenda pamoja kwa Baltazar. Baltazar alisoma fomu, akavua miwani, akanitazama, akavaa miwani, akaisoma upya. Nimemwambia abonyeze. Amebonyeza.

Tangu saa tatu na robo ya asubuhi ya leo, punjenene.co.tz iko kwa jina la Raudha, mahali ambapo hakuna mtu atakayeigusa.