Mhakiki wa Pili Atajwe Jina

Ndugu Mhariri wa Jarida la Uhusiano wa Umma,

Salamu kutoka ofisi ninayochangia na mashine ya fotokopi. Mimi ndimi mhadhiri niliyekuletea makala ya utafiti iitwayo "Kusikiliza Umma: Njia ya Kujenga Imani". Mmeikataa. Bila makala hiyo sipandi kuwa mhadhiri mwandamizi, wala sihami hapa, na mashine hii ina joto kuliko jiko. Basi, kwa heshima na taadhima, nalalamika:

1. Mhakiki wa Kwanza aliandika, "Inafaa, rekebisha vituo." Huyo Mungu amzidishie. Mhakiki wa Pili ameandika kwamba mwandishi "anahubiri kusikiliza, lakini yeye mwenyewe hana masikio." Hivi huo ndio uhusiano wa umma? Kwani mimi si umma? Nimeumia, sifichi.

2. Utaratibu wenu humficha mwandishi kwa mhakiki na mhakiki kwa mwandishi, ili watu wasipendeleane. Sawa. Lakini asiyejulikana anaweza kuwa yeyote. Wiki hii nimemnunia mkuu wa idara, nikamnunia mkutubi, na mwenzangu aliyesifu shati langu nikamwambia aniache kabisa. Chai nakunywa peke yangu.

3. Kwa hiyo atajwe. Akishatajwa, aje nyumbani na wazee wake, akae mbele ya wazee wangu, asome maoni yake kwa sauti. Mama yangu atakuwepo. Yeye ndiye aliyenizaa na masikio yote mawili.

4. Akikataa, naye ahakikiwe: usafi wa meza yake, malezi yake, na lugha anayotumia kwa majirani. Kama ana mwenzi wa ndoa, mwenzi huyo aulizwe kwa maandishi anamvumiliaje mtu wa namna hiyo. Nina hakika maskini huyo atalia.

Wasalimie wahariri wasaidizi, mhasibu, mlinzi wa getini na watoto wao. Mhakiki wa Kwanza msalimie mara mbili.

Wako katika ujenzi wa imani,
Mhadhiri (bado si mwandamizi)

Baada ya sahihi: Nimempa mke wangu barua hii anisahihishie. Naye ni mhadhiri wa fani hii hii; hufanya kazi upande wa pili wa meza yetu ya chakula. Alipofika namba nne akavua miwani. Ndugu Mhariri, Mhakiki wa Pili ni yeye. Hakujua makala ni yangu, maana jina mlilifuta, nami kabla ya barua hii sijawahi kumwonyesha ninachoandika. Anasema alinieleza habari za makala hiyo jioni nyingi tukiwa mezani, mpaka akaniomba ushauri, nami bila kuinua macho nikamjibu: ikatae tu.

Malalamiko yote nayafuta. Makala nitaiandika upya, mashine nitaivumilia. Ningeeleza zaidi, ila mke wangu ameanza kusema jambo, na safari hii naweka kalamu chini.