Kilima Kizima cha Kahawa, na Mimi Nikapewa Chai

Bula Pesa, Isiolo.
Novemba, 1977.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa,
Kilimani, juu ya Nkubu, Meru.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam aleikum, na kama wewe ni mtu wa kanisa, basi habari ya huko na habari ya baridi. Sisi huku ni wazima, jua liko, vumbi liko, na mtoto amelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu. Wewe hunijui. Mimi naitwa Habsa, mke wa Golicha Yattani. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo ukikuta herufi imepinda usikasirike, ni mtoto ameamka akavuta mkono.

Ninakuandikia kwa heshima kubwa kukulalamikia juu ya kilima chako.

Kwanza nikueleze, usije ukaniona mtu wa fitina. Nina binti, ndiye wa kwanza, jina lake Tiya. Kwetu sisi Waborana mtoto hapokewi kwa mikono mitupu. Nyanya yake anachukua buni, yaani kahawa nzima iliyokaukia ndani ya ganda lake, anaing'ata ncha moja moja. Hiyo tunaita kuichinja. Halafu anaikaanga ndani ya samli mpaka ipasuke kama mtu anacheka, na yale mafuta anampaka mtoto kwenye paji la uso huku akimwombea dua. Hapo sasa mtoto ni wa nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni.

Mama ya mume wangu, ambaye tunamwita Akko kwa maana ya nyanya, ni mtu wa kusimamia mila mpaka mila yenyewe inaomba kukaa chini. Mpaka leo hajamwita Tiya jina lake hata siku moja. Anasema, "Huyo mgeni amenyonya?" Anasema, "Mgeni amelowa, mbadilishe." Na si kwamba hampendi. Anambeba mchana kutwa, anamwimbia, lakini wimbo wenyewe ni wa kumuuliza mgeni ametoka wapi na ataondoka lini. Sasa mwezi ukiandama Akko anarudi Kinna kwa ng'ombe zake. Ni mtu mzima, Mwenyekiti, macho yake yameanza kuingia ukungu, na Kinna si hapa. Ninataka amwite mtoto wangu jina kabla hajapanda gari. Ni hilo tu ninatafuta duniani.

Zamani buni ilikuja na malori ya Moyale. Tangu vita vianze ng'ambo ya mpaka, malori yanaleta habari tu, na habari haikaangwi. Sokoni hapa hakuna punje.

Aliyeniambia nije kwenu ni jirani yetu, Mzee Dualeh. Yeye alikuwa askari wa Mwingereza, na vita vile vikubwa vilimpeleka mpaka India. Anasema walipewa ruhusa ya Jumamosi na Jumapili, wakapanda lori la jeshi mpaka kwenye milima ya kahawa kusini ya nchi ile, na kila mlango waliopita walitolewa kahawa ya maziwa yenye povu juu, mpaka mwenzao mmoja akaomba arudishwe vitani apumzike. Akaniambia, "Binti yangu, milima ya kahawa yote ni ndugu. Na wa Meru uko hapo tu. Twende." Siku hizi ana lori lake mwenyewe, anapandisha mbuzi Jumamosi na kuteremsha ndizi Jumapili. Mimi na Tiya tulikaa mbele na yeye. Golicha alikaa nyuma na mbuzi, kwa sababu mbuzi walikataa kukaa mbele.

Njiani tulipanda, tukapanda, ukungu ukatufunika, lori likaanza kuteleza. Mimi ninasoma dua, Mzee Dualeh anasema, "Hii si kona. India ndiyo kulikuwa na kona." Tukazama kwenye matope, akasema India matope yalikuwa mazuri zaidi. Lakini ukungu ulipofunguka, Mwenyekiti, wallahi sitasema uongo, nilitoa machozi. Kahawa huku, kahawa huku, nyekundu kama shanga, mpaka zinagusa kioo cha gari. Nikamwambia Tiya, "Mama, angalia. Leo utaitwa jina."

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Chai. Tuliingia nyumba ya kwanza, tukapewa chai. Ya pili, chai. Ya tatu nilikuwa nimeshasema kwa adabu ya kwamba mimi ni mtu wa kahawa, na mama mwenye nyumba akaniambia pole, akaongeza sukari kwenye chai. Kahawa inagonga dirisha kwa nje na ndani watu wanakunywa chai! Mzee Dualeh aliona aibu mpaka akaacha kutaja India kwa muda wa saa nzima.

2. Kahawa yenu inavuliwa nguo. Nilikwenda kiwandani kwenu kwa miguu yangu. Nikaona kahawa nyekundu nzuri zinamwagwa kwenye mashine, zinatolewa maganda mbele ya watu, zinaogeshwa kwa maji baridi, halafu zinalazwa juani zikiwa uchi. Mimi ni mama, siwezi kutazama jambo kama hilo na kunyamaza. Ganda ndilo linashika samli. Kahawa bila ganda ukiikaanga ni kama kokoto, na dua haikai juu ya kokoto.

3. Askari wenu wa mlangoni anaitwa Kaimenyi. Nilimwomba konzi moja tu ya kahawa na maganda yake. Akaniambia, "Mama, hapa kahawa haitoki kwa miguu, inatoka kwa gari." Nikamweleza habari ya Akko. Akasema mwaka huu wa magendo kila mtu ana nyanya. Tulipotoka akasema lazima atupekue, akatia mkono ndani ya leso ya mtoto kutafuta kahawa. Tiya ni mkarimu, akampa alichokuwa nacho. Hapo sina malalamiko zaidi, nimeandika ili ujue tu, na umnunulie sabuni.

4. Wanawake wa kilima chako ni wezi wa watoto. Tulilala kwa Mama Ntongai, ambaye ni mteja wa mbuzi wa Mzee Dualeh. Mara nikashtuka mgongo wangu hauna mtu. Tiya alikuwa amebebwa na jirani, jirani akampa jirani, na kila mlango aliopita amevishwa sweta. Alirudi kwangu mviringo kama kabichi, anacheka. Sasa huku Isiolo, kwenye joto hili, nikimvua sweta analia. Nikimvisha analia pia, lakini kwa sauti nyingine. Nani atalipa hasara ya usingizi wangu?

(Nimeacha hapo kidogo, alikuwa ameamka. Amenyonya. Sasa ananitazama nikiandika, na nadhani ananiunga mkono.)

5. Kuchekwa. Nilipomweleza Mama Ntongai ya kwamba kahawa kwetu inachinjwa, aliweka sufuria chini akashika mbavu. "Wewe mama Tiya, kahawa ina shingo?" Golicha akamjibu, "Kichwa iko nacho, mama. Shingo ndiyo Mungu alisahau." Akauliza kama inalia ikichinjwa. Akaita na majirani waje wamsikie mama wa Isiolo anayekula kahawa na mafuta kama maharagwe, na wakaja, na wakanitazama meno. Mimi nikauliza swali moja tu: kama mti ni wako, na uko mlangoni pako, mbona huwezi kunichumia konzi moja? Kicheko kikaisha. Akasema, "Mwanangu, mti ni wangu. Tunda ni la chama." Akanipa viazi na ndizi zilizopondwa, na blanketi yake mwenyewe, na hakucheka tena usiku huo. Lakini konzi sikupata. Tulirudi Jumapili tumejaa ndizi. Akko alipapasa mfuko wangu mpaka chini, akasema, "Basi. Mlete huyo mgeni nimbebe."

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba yafuatayo, na nimeyafikiria vizuri wakati wa kufua:

6. Utoe amri ya kwamba kila nyumba yenye mti wa kahawa iwe inakula kahawa, ikiwa nzima, ikiwa na ganda, kwa samli, angalau kila Ijumaa. Mtu asiyekula alichopanda atajuaje kama anapanda vizuri? Sisi tunafuga ngamia na maziwa yake tunakunywa, hatuyapeleki ng'ambo halafu tukanywa uji wa unga wa mwingine.

7. Kwa kuwa watu wako hawajui kuchinja, uajiri akina mama wa Kiborana, mmoja kwa kila kiwanda, wawe waalimu. Hawataki mambo mengi. Kiti kifupi, karai, samli, na sehemu ya kuweka mtoto. Mimi mwenyewe niko tayari kuanza, nikipewa sweta ya kunitosha.

8. Na kama hayo mawili ni magumu, basi mtupe kilima. Usistuke, fikiria pole pole. Maji ya milima yenu tayari yanateremka mpaka mtoni kwetu. Ndizi zenu tayari zinateremka na lori la Mzee Dualeh. Hata baridi yenu mwezi wa saba inakuja usiku kututembelea. Yaani vitu vyote vya kilima vimeshahamia Isiolo, amebaki yeye kilima peke yake huko juu kama mzazi ambaye watoto wote wamekwenda kazini. Ni huruma kumleta karibu na watoto wake. Nafasi tunayo, kutoka hapa mpaka Gotu hakuna kitu kitakachomsukuma. Mzee Dualeh amekubali kutoa lori, na Golicha anasema nyuma kuna nafasi ya kutosha mbuzi wakishateremka. Nyinyi mtabaki na tambarare, ambayo ni rahisi kulima kwa sababu mtu hatelezi, na sisi tutawaongezea ngamia, mnyama ambaye hahitaji kiwanda.

Ningeomba jibu kabla ya mwezi kuandama, kwa ajili ya safari ya Akko. Ukiona barua ni ndefu, soma tu pale nilipoandika habari ya jina la mtoto, mengine yatajieleza.

Uwasalimie wakulima wote, na wale akina mama wa masweta, na Kaimenyi pia, mwambie Tiya hana kinyongo. Mzee Dualeh anakusalimu na anasema kilima chako si kibaya, ila si India. Akko anakusalimu ingawa hajui ninakuandikia. Golicha anakusalimu kutoka chini ya lori anakofunga nati.

Ni mimi anayekuheshimu na ambaye bado anatumaini,

Habsa, mama Tiya.

Nyongeza: Mwenyekiti, barua ilikuwa bado haijapata stampu. Jana lori la Mzee Dualeh liliporudi, mlango wa mbele ukafunguka, akateremka Mama Ntongai na kiondo. Ndani ya kiondo kuna buni! Nyeusi, kavu, nzima na maganda yake. Ni zile zilizoanguka chini ya miti zikajikaukia, na karani wa mizani amezikataa mbele ya watu, akamwambia azitupe. Kwa hiyo si magendo, amezitupa tu, na amezitupa kwangu. Hapo juu nilipoandika jina lake, tafadhali soma kama sikuliandika.

Alisema amekuja kuona hiyo shingo. Akko akamkalisha kando yake, akampa buni ang'ate. Ya kwanza aliing'ata vibaya, Akko akamwambia, "Wewe unachinja au unabusu?" Wakacheka wawili mpaka majirani wakatoka nje. Samli ikachemka, buni ikapasuka, Akko akatia kidole, akampapasa mtoto paji la uso taratibu akitafuta mahali. Akasema, "Tiya." Halafu akasema tena, "Tiya wa Golicha, karibu nyumbani." Mimi nilikuwa nimeshika karai na sikuona vizuri kwa sababu ya moshi. Tena haikupita dakika, akaniita kwa ukali, "Habsa! Tiya amelowa, unangoja nini?" Mwenyekiti, sijawahi kukimbilia nepi namna hiyo.

Lakini sasa nisikilize, kwa sababu mambo yameharibika. Mama Ntongai alionja moja. Akaonja ya pili. Halafu akavuta bakuli mapajani kwake, akaacha kuongea. Alipoinua kichwa, bakuli ilikuwa nyeupe chini. Mtu mmoja! Na huko kilimani nyinyi ni watu wangapi?

Kwa hiyo ile amri ya nambari sita usiitoe. Ya nambari saba, waalimu hawapatikani, wote wana watoto wadogo. Kilima kikae hapo kilipo, kimezoea. Muendelee kupeleka kahawa ng'ambo, wazungu wanaipenda, tena hawajui habari ya ganda. Ila Mama Ntongai anarudi kesho, na amesema akifika atakuomba ukumbi wa chama awaonyeshe akina mama wote jinsi ya kuchinja. Mwenyekiti wangu, ninakuomba kama mzazi: mwambie ukumbi una harusi.