Jina Langu Mara Kumi na Tatu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mtandao wa chama chetu cha kahawa hapa Nyamiaga umekwama tena saa kumi jioni. Mtandao ukikwama, mzani hautoi stakabadhi. Mzee Ntirampeba kasukuma baiskeli yenye magunia mawili kutoka Lukole, kaondoka mikono mitupu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniombea baraka. Aibu!
Mhalifu namjua: Venance, fundi mwenzangu. Anatazama mpira, naapa. Na nafasi ya ufundi mkuu Biharamulo tunaigombea sisi wawili.

Jumanne, 3 Juni
Nimewasha logi ya muda kwenye seva. Inaandika kila anayetumia mtandao, dakika kwa dakika. Ukimaliza, unaizima. Rahisi. Venance kanishauri niisome mwenyewe kwanza. Anaogopa!

Jumatano, 4 Juni
Kikaoni nikampa meneja, Mama Suzan, kurasa tisa azisome kwa sauti. Mimi sikuzisoma. Nilitaka nishangae pamoja na wenzangu.
Nikashangaa. Juvenali. Juvenali. Juvenali. Jina langu, mara kumi na tatu kwa wakati mmoja! Venance hayumo.
Ndipo nikakumbuka kwaya. Deodata, mwalimu wao, aliniomba nywila yangu ya mtandao wajifunzie wimbo wa Pentekoste simuni, nyuma ya ukuta wetu. Ningemnyimaje, naye kaahidi kuniweka sauti ya tatu?
Nikaeleza yote. Mama Suzan akauliza kama na mimi huimba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 5 Juni
Mzani umekufa tangu asubuhi. Seva imejaa. Imejaa logi yangu. Sikuizima!
Venance kaifuta kwa dakika mbili, wala hakunicheka. Angecheka ingekuwa nafuu.
Mzee Ntirampeba alikuwa amerudi, amengoja tena. Kanipa ndizi mbivu, kasema pole kwa kazi. Nimeila nikitazama ukuta.

Ijumaa, 6 Juni
Biharamulo kapewa Venance. Nimestahili kuikosa. Nimebadilisha nywila, nimemwomba mzee radhi. Kasamehe, kasema Jumatatu analeta magunia yaliyobaki. Machozi yalinilenga. Nimekuwa mtu mpya.
Jioni kaja Deodata. Pentekoste keshokutwa, wimbo haujakaa. Nikakataa katakata kumpa nywila yangu. Nikampa ya Venance. Niliiona siku moja akiiandika, na mtu mwenyewe anahama.
Ila wasije wakazidisha. Nimewasha logi kidogo, ya kuwachunga tu. Nitaizima Jumatatu.