Kambare wa Mtaa Wenu Aruhusiwe Kusema

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Wenye Maduka,
Mtaa wa Benizuru, Osu, Nagoya.

Natumaini u mzima na duka lako la redio kuukuu halikosi wateja. Mimi ni yule mama wa baiskeli yenye kiti cha mtoto nyuma. Kwa heshima namlalamikia Namappi, nembo ya mtaa wenu, kambare mnene wa vazi la kuvaliwa, mwenye miwani myeusi, anayewapungia wateja mkono. Hasemi.

1. Binti yangu Wakana, miaka minne, anampenda kupita kiasi. Tangu wakutane penye mashine za sarafu zinazotoa midoli, naye kaacha kusema. Ukimuuliza kitu anashika mashavu na kutikisa tumbo. Hiyo ni ndiyo. Hapana ni vilevile, ila polepole.

2. Nilimwomba msichana anayemwongoza Namappi amwambie aliye ndani atamke japo neno moja. Akanitazama kama nimetukana. "Mama, ndani hamna mtu." Nikasema basi huyo asiyekuwemo aseme. Wasichana wa mawigi ya buluu, waliovalia kama wahusika wa katuni, waliokuwa wakingoja kupiga naye picha wakanicheka: "Dada, umeona wapi kambare anaongea?" Nikawauliza wao wamemwona wapi wa miwani.

3. Ugonjwa unaenea. Nikimuuliza mume wangu mbona kanunua mdoli mwingine wa roboti wa kupamba kabati, anashika mashavu.

4. Mwalimu mkuu wa chekechea anataka Wakana ataje jina lake ndipo ampokee Aprili, shule zikifunguliwa. Juzi alitikisiwa tumbo. Akasema, "Mtoto mzuri, ila tumpe muda kidogo." Bwana Mwenyekiti, sikusoma sana, lakini maana ya "muda kidogo" naijua.

Namappi aseme, basi. Mkikataa, mwandikisheni yeye chekechea, mwanangu abaki hapo mtaani kupunga mkono.

Nisalimie mkeo, na yule muuza vitumbua vya pweza, na wale wa mawigi, sina kinyongo nao.

Wako mwenye matumaini,
Murase Chinatsu

Tanbihi: Nikiwa njiani kuileta barua hii, Namappi alikwama mlangoni mwa duka la mitumba, kichwa ndani, mkia nje. Watu wakapiga picha wakidhani ni mchezo. Wakana akashuka kitini, mtaa mzima ukamsikia: "Nyie, amekwama. Mvuteni, yeye hawezi kusema." Muuza mitumba akamuuliza, wewe nani? "Mimi Murase Wakana. Namsemea." Bwana Mwenyekiti, nakuomba sana, kambare huyo asije akafungua mdomo.